Suruali ya Sajini Mwandiko

Tuanze na mwandiko wake, maana ndio uliompa jina na ndio uliomponza. Kituoni pale palikuwa na askari ishirini na sita, na hakuna hata mmoja aliyeandika kama yeye. Herufi zake zilisimama wima, zimeachana sawasawa, na mstari wake haukupanda wala kushuka hata kwenye karatasi isiyo na mistari. Wakubwa walipokuja kukagua, mkuu wa kituo aliwafungulia kurasa za sajini huyu, za wengine akazipindua mbili mbili. Basi wakamwita Mwandiko, jina likashika, mpaka mkewe nyumbani akalitumia siku za furaha. Siku za hasira alimwita afande.

Alikuwa na miaka hamsini na miwili, na kazini alikuwa amefikisha ishirini na minane. Hakuwa mlevi, hakuwa mla rushwa, na mahabusu hakuwahi kuonja kofi lake. Nayasema haya mapema msije mkadhani nawaletea habari za mtu mbaya. Habari za watu wabaya ni rahisi, unasikiliza, unamlaani mhusika, unakwenda kulala. Huyu alikuwa mtu wa kawaida kama mimi na wewe, na ndiyo maana habari yake inanikera.

Sasa, watafiti. Kituo kile kilikuwa kimeshapokea watafiti watatu kwa nyakati tofauti. Walikuja na madodoso yao, wakawakalisha askari saa nzima nzima wakiwauliza wanajisikiaje kuhusu kazi, wakaondoka. Mmoja tu ndiye aliyerudisha kitu: ripoti ya kurasa mia mbili na kumi, jalada gumu, majedwali kama mchwa. Hakuna aliyevuka ukurasa wa tatu. Kaunta ya mapokezi ilikuwa na mguu mfupi, na ripoti ikapata kazi. Ilikaa pale chini miaka minne, na tuseme kweli, kaunta haikuyumba tena.

Wa nne alikuwa binti wa miaka thelathini na kitu, mwenye viatu vya kutembelea na si vya kuonyeshea. Askari walimwita Dokta kwa sababu alikuwa anasomea udaktari wa vitabu, na mmoja wao akamvuta pembeni kumweleza mgongo wake unavyomuuma. Siku ya kwanza aliuliza kama kuna utafiti wowote uliowahi kuwasaidia kazini. Watu wakatazamana. Ndipo Mwandiko akaigusa ile ripoti kwa ncha ya kiatu, akasema huu hapa Dokta, huu umetusaidia sana. Kicheko kilichotoka pale kiliwafanya mahabusu waulize kuna nini. Binti naye alicheka, ila wakati anacheka alikuwa ameshatoa daftari. Akamuuliza sajini, yeye angetaka kuletewa nini.

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hivyo. Mwandiko akavuta kiti.

"Binti yangu, mimi nafanya kazi nimesimama," akamwambia. "Niletee karatasi moja inayoingia mfuko wa shati. Iniambie nisimame wapi, saa ngapi, kwa muda gani. Halafu uniambie kama kusimama kwangu kunamzuia mwizi au kunamaliza soli tu."

Binti aliyaandika yale neno kwa neno. Miezi mitatu baadaye akarudi, na alichokuja nacho ndicho hicho hicho alichoagizwa. Wakakaa yeye na sajini na vitabu vya matukio vya miaka miwili, wakachagua kona sita zinazoibiwa kuliko nyingine, na saa inayoibiwa kuliko nyingine, saa kumi alasiri, watu wanapokuwa wamechoka na stendi imejaa. Kila kona ikapewa askari mmoja. Kila siku saa kumi asimame pale robo saa, aonekane, kisha ajaze kadi ndogo ya ukubwa wa kiganja: nimefika saa ngapi, nimeondoka saa ngapi, nimeona nini. Wiki nane. Mwisho wake wizi utahesabiwa, na jibu litaandikwa kwenye ukurasa mmoja. Katika karatasi za mradi, mbele ya cheo cha sajini, binti aliandika: mshauri wa askari. Miaka ishirini na minane ya kazi, na hakuwahi kuwa mshauri wa kitu chochote, hata nyumbani kwake.

Alijichagulia kona ya mafundi, nyuma ya stendi. Milango minne: fundi viatu, fundi saa, fundi redio, na mwisho kabisa fundi cherehani, mama mjane aliyevunjiwa mara mbili mwaka uliopita. Sajini alipomweleza kwamba kuanzia Jumatatu atakuwa anasimama pale kila siku, yule mama aliweka mkono kifuani akamshukuru kana kwamba kazi imeshafanyika.

Siku nne alikwenda kweli, msimnyime haki yake. Alisimama, akasalimia, akaona mambo ambayo kaunta haimwonyeshi mtu. Kwa mfano vibaka huja wawili, mmoja akijifanya anauliza bei. Siku ya nne alimpelekea fundi cherehani suruali yake ya sare, kiuno kimembana na pindo limefumuka. Fundi akampima, akamtania kwamba serikali inamlisha vizuri, akamwambia aipitie Jumatatu.

Siku ya tano ikanyesha.

Hapa lazima niwaeleze jambo la kituoni, la sivyo hamtanielewa. Kulikuwa na doria mbili. Kulikuwa na doria ya miguu, na kulikuwa na doria ya mezani. Doria ya mezani hufanyika kantini, na chai, kwa kalamu. Kitabu cha doria kinataka kionekane kimejaa, askari ni wachache, miguu inauma, basi mtu anaandika alikopaswa kupita na saa aliyopaswa kupita. Si wizi, walijiambia. Kila mtu alijua, mkuu wa kituo alijua, na aliyemkabidhi mkuu ofisi alijua. Ilikuwa desturi ya nyumba, kama ile ripoti chini ya kaunta. Hivyo siku ya tano, mvua ikipiga bati na kisigino kikimwuma, Mwandiko alivuta kadi, akaandika kwa herufi zake nzuri: saa kumi kamili hadi saa kumi na robo, hali shwari. Hakuna mbingu iliyoanguka. Siku ya sita mvua ilikuwa imekatika lakini chai ilikuwa bado ya moto. Kufikia wiki ya tatu alikuwa anajaza kadi zote za wiki Jumatatu asubuhi, ili asisahau.

Na kila Ijumaa binti alikuja kuchukua kadi. Za Mwandiko alizishika kwa vidole viwili kama picha. Safi, kamili, hakuna iliyokosekana. Kadi za yule konstebo wa kike aliyepewa kona ya maghala zilikuwa balaa: zimelowa, zimefutwafutwa, moja ina alama ya kiatu, saa zake za ajabu ajabu, kumi na dakika saba, kumi na dakika kumi na tisa, nimeondoka kuna ugomvi stendi, nimerudi. Binti akamwomba kwa adabu ajifunze kwa sajini. Konstebo alimtazama sajini, kisha akajibu, "Sawa, Dokta." Ile sawa ilimkaa sajini masikioni siku mbili. Siku ya tatu ikatoka. Uzuri wa mkakasi ndani kipande cha mti, walisema wahenga, na hawakuwa wamemwona Mwandiko.

Wiki ya sita, Jumatano, saa kumi na dakika kumi alasiri, vijana wawili wakafika na mkokoteni kwa fundi cherehani. Mmoja aliuliza bei. Mwingine alinyanyua kichwa cha cherehani kutoka mezani, akafuatisha na furushi lililokuwa chini yake, wakamsukumia mama ukutani, wakaenda. Kwenye furushi kulikuwa na kitambaa cha buluu cha sare za kikundi cha akina mama, watu kumi na wanane, na katibu wa kikundi hicho alikuwa nani? Mke wa sajini. Majirani, kama kawaida ya majirani, hawakuona kitu.

Mama akaja kituoni, akaandikisha maelezo. Mpelelezi aliyepewa jalada alikuwa kijana makini, na umakini wake ndio uliomchongea yule mama. Akafikiri, kona ya mafundi saa kumi si ina askari? Akaenda kuomba kadi. Kadi ya Jumatano ilikuwepo, maana iliandikwa Jumatatu: saa kumi kamili hadi saa kumi na robo, hali shwari. Mpelelezi akaja nayo kaunta, mama akiwa bado kwenye benchi, akamuuliza Mwandiko mbele yake kama alikuwa pale muda huo.

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi. Angesema tu, kijana wangu hebu njoo pembeni. Lakini kaunta ilikuwa na watu, mkuu wa kituo alikuwa amesimama mlangoni kwake na kikombe, na konstebo wa kike alikuwa anafunga kamba za viatu pale pale.

"Kama imeandikwa, imeandikwa," akasema.

Mama alimtazama usoni. Kisha macho yake yakashuka, yakatua kwenye suruali ya sajini, yakakaa hapo muda. Mwandiko alidhani ameinamisha kichwa kwa huzuni. Mama akachukua mkoba wake akaondoka, na mpelelezi akaandika kwamba mlalamikaji anatiliwa shaka.

Maneno hayana miguu lakini hufika. Kabla ya Jumapili mji mzima wa pale karibu ulikuwa unajua kwamba fundi cherehani ameuza vitambaa vya watu akasingizia wezi, na kwamba hata polisi wamemnasa, kwa sababu askari alikuwa amesimama mlangoni kwake saa ile ile. Akina mama walimwendea wanane kwa mkupuo. Mke wa sajini ndiye aliyeongoza, na nyumbani alisimulia alivyomwambia mwizi huyo peupe, mbele ya fundi redio na wateja wake. Mwandiko alikuwa anakula. Akaendelea kula, lakini chakula kilikuwa kinazunguka tu mdomoni.

"Na ile suruali yako?" mkewe akauliza. "Si ilikuwa kwake? Nayo keshaiuza, nakwambia. Mwanamke mkavu wa macho yule."

Sajini akasema huenda. Akasema huenda! Mdomo wake mwenyewe. Akainuka akaenda kunawa mikono, akainawa muda mrefu kuliko inavyohitaji mikono ya mtu mmoja.

Kuanzia hapo alianza kuzunguka. Ili asipite kona ya mafundi alipita njia ya soko, ambayo ni ndefu mara mbili, na kisigino kile kile kilichokataa robo saa ya doria kikatembea nusu saa ya kukwepa. Alisikia kwamba fundi hana tena mteja wa kushona, anakaa mlangoni na sindano ya mkono, anatia vifungo na kurekebisha mapindo ya wapita njia. Alisikia kwamba mwenye nyumba amemtaka atafute pengine, hataki mpangaji wa kusemwasemwa. Kila habari ilimfikia akiwa kaunta, na kila ilipofika alishika kalamu akaandika jambo lolote, ili mtu asimtazame macho.

Wiki nane zikaisha. Alhamisi moja binti alikuja na ukurasa wake, akataka mshauri wa askari auone kwanza, kabla ya kikao cha Ijumaa. Wakaenda kwenye chumba cha vielelezo, kati ya baiskeli na majembe yaliyofungwa vikaratasi. Ulikuwa ukurasa mzuri. Maneno machache, maandishi makubwa, unakunjika mara mbili na kuingia mfuko wa shati. Kila kitu alichoomba kilikuwa hapo. Na katikati, kwa maandishi mazito: katika kona ya mafundi, ambako askari alisimama kila siku bila kukosa, wizi haukupungua, na tukio moja lilitokea askari akiwa hapo hapo. Kusimama robo saa hakusaidii. Inashauriwa askari wapangiwe kazi nyingine.

Mwandiko akasoma mara mbili. Akamuuliza kuhusu kona ya maghala.

Binti akasema ile ameiondoa kwenye hesabu, kadi zake hazikuwa za kuaminika. Halafu akasema anajua jibu hili si zuri, yeye mwenyewe alitamani liwe tofauti, lakini hawezi kubishana na kadi kama zile.

"Nakuamini wewe kuliko wote," akamwambia. "Wewe ndiye uliyenifundisha kitu chenye manufaa kinafananaje. Kama si wewe ningeandika kurasa mia mbili."

Jamani. Mtu akikutukana unaweza kumrudishia, akikupiga unaweza kukimbia. Lakini mtu akikusifu kwa jambo ambalo hukulifanya, utakwenda wapi? Sajini alitamani ardhi ipasuke immeze na miwani yake. Akasema tu kwamba karatasi ni nzuri, akatoka, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki saba na zaidi akaelekea kona ya mafundi.

Fundi alikuwa mlangoni, anatia kifungo kwenye koti la mtu. Meza ya cherehani ilikuwa nyuma yake, na katikati ya meza ile tundu kilipokuwa kichwa. Sajini akabisha hodi ingawa mlango ulikuwa wazi, akajikohoza, akaanza maneno aliyoyapanga njiani. Kwamba mambo ya kazi yana ugumu wake. Kwamba wakati mwingine karatasi na hali halisi haviendi pamoja. Kwamba yeye binafsi hakuwahi kumdhania mama vibaya. Alizunguka na kuzunguka kama mtu anayetafuta choo nyumba ya wageni.

Mama alikata uzi kwa meno. Akanyanyuka, akaenda nyuma ya mlango, akarudi na kitu kimekunjwa kwenye gazeti. Akafungua. Ilikuwa ile suruali. Kiuno kimeachiliwa, pindo limerudishwa kwa mishono midogo isiyoonekana, imepigwa pasi, mstari wa mbele umenyooka.

"Niliitundika nyuma ya mlango, wezi hawakuigusa," akasema. "Nimeipiga pasi mara tatu, kila nikidhani leo utapita. Afande, mtu aliyesimama mlangoni kwangu kila siku robo saa, wiki nane, suruali yake inakaaje kwangu mpaka leo?"

Jibu lilikuwa limekunjwa pale mbele ya sajini.

Akamuuliza, kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuitambua, kwa nini hakuipeleka kituoni. Angeipeleka siku ile ile akaiweka kaunta, mpelelezi angeelewa, na maneno yote yangeishia hapo. Asingetukanwa na akina mama.

"Nilitaka," fundi akasema. "Niliifunga nikafika nayo mpaka stendi. Halafu nikawaza, huyu ni baba wa watu, karibu anastaafu, watamfukuza. Nikasema nimsitiri, atakuja mwenyewe kusema. Kesho atakuja. Basi nikarudi."

Akaketi, akachukua lile koti na sindano. Alichosema mwisho hakukisema kwa ukali. "Nilijua siku ile unadanganya kwa sababu unaogopa. Sikujua kama utaogopa mpaka leo."

Mwandiko alitembea na furushi lile kwapani mpaka nyumbani. Mkewe alipoona suruali alifurahi, kisha akasema kumbe hakuiuza. Mwanamke yule hakuwa mjinga. Aliuliza ilipelekwa lini. Akaambiwa. Akahesabu kwa vidole, polepole, akafika kidole fulani akasimama. Hakumwita Mwandiko wala afande. Aliondoka mezani akaenda kukaa chumbani na taa imezimwa, ingawa jua lilikuwa bado halijazama.

Ijumaa kikao kilikuwa cha askari wote wa zamu mbili, na mgeni mmoja kutoka makao makuu. Mkuu wa kituo alikuwa na furaha. Askari walikuwa wachache, na hapa utafiti wenyewe unamwambia awatoe kwenye kona. Binti akagawa ukurasa wake. Watu wakaukunja wakaujaribu mifukoni, ukaingia, wakacheka. Kisha akamwomba mshauri wa askari aseme neno.

Sajini akasimama akiwa amevaa ile suruali. Alikuwa amejiambia atazungumza kwa mpangilio, kwanza hili, kisha lile. Mpangilio ukakimbia.

"Sikuwepo," akasema. "Nilikwenda siku nne. Zilizobaki niliziandika kantini. Siku fundi alipoibiwa nilikuwa hapa nakunywa chai, na kadi ya siku hiyo niliiandika Jumatatu. Yule mama alisema kweli, mimi ndiye niliyemfanya aitwe mwongo."

Mgeni kutoka makao makuu akaacha kuandika. Mkuu wa kituo alikuwa amewiva usoni, na haikuwa kwa kumwonea sajini haya. Alikuwa anawaza sufuria ngapi zimefunuliwa kwa mfuniko mmoja. Maana wale askari wengine wa kona walikuwa wanatazama viatu vyao, wanne, wote kwa pamoja. Yule wa kike tu ndiye aliyekuwa anatazama mbele.

Binti akafungua mkoba wake, akatoa zile kadi zilizolowa, akazipanga mezani moja moja, ile yenye alama ya kiatu akaiweka juu. Alisema kwamba hizi ndizo za kweli na yeye ndiye aliyezitupa kando, kwa kuwa zilikuwa chafu. Akasema kona ya maghala wizi ulipungua kwa nusu, ameliona hilo wiki tatu zilizopita, akalipuuza kwa sababu kadi safi zilisema vingine. Akamwomba konstebo radhi mbele ya watu. Konstebo akajibu sawa, Dokta, na mara hii haikuwa ile sawa ya kwanza.

Adhabu ilikuja wiki ya pili. Mwandiko alivuliwa cheo, akarudi koplo, na kulikuwa na onyo refu ambalo sitalisoma hapa. Wengi walisema amepona, wengine walisema amewauza wenzake, na kantini hakuna aliyemsogezea kiti. Aliyavumilia hayo. Kilichomshinda ni kitabu cha matukio. Mpelelezi alimtaka aandike masahihisho kwa mkono wake, chini ya maelezo ya fundi. Aliandika: siku hiyo sikuwepo, mlalamikaji amesema kweli. Wino ulipokauka akaangalia alichoandika. Zilikuwa herufi nzuri mno, wima, zimeachana sawasawa, na aliona haya kwa uzuri wake.

Mkewe alikwenda kwa fundi bila yeye, na wale saba aliokwenda nao mara ya kwanza. Aliporudi alieleza kwa kifupi. Fundi aliwapokea, akawapa viti, akasema amesamehe. Lakini walipomwambia kikundi kinatafuta kitambaa kingine na kitaazima cherehani mahali, wangependa ashone yeye, alishukuru akakataa. Alisema mkono wake kwa sasa ni wa vifungo. Mkewe alipomaliza kusema hayo alimtazama mumewe muda mrefu, akaenda kupika. Kile kichwa cha cherehani hakikupatikana, na hakijapatikana.

Utafiti ukaanza upya, wiki nane nyingine. Makao makuu hawakutaka kabisa, binti akang'ang'ana. Kadi zilibaki zile zile, ila safari hii aliwaambia askari kwamba kadi safi sana atairudisha. Mwandiko hakuwa mshauri tena. Aliomba jambo moja tu, kona ya mafundi, akapewa kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaka.

Jumatatu alikwenda. Alisimama pale kati ya mlango wa fundi redio na wa fundi cherehani. Kumbe robo saa ni ndefu. Ameiandika zaidi ya mara thelathini bila kuujua urefu wake. Fundi viatu alimtazama akarudi kwenye soli yake. Vijana wawili walipita wanauliza bei, wakamwona, wakaacha kuuliza. Kisigino kilimwuma. Fundi cherehani alikuwa mlangoni, umbali wa hatua nne, anarudisha pindo la gauni la mtu. Mwandiko alimwamkia. Sindano ilipanda ikashuka, ikapanda ikashuka.

Muda ulipotimia alitoa kadi, akaiweka kwenye paja, juu ya ile suruali, akaandika akiwa amesimama hivyo hivyo, mstari ukaenda upogo. Nimefika saa kumi na dakika nne. Nimeondoka saa kumi na dakika ishirini. Kwenye nafasi ya nimeona nini, alifikiri kidogo, kisha akaandika: nimemsalimia fundi, hakuitikia. Akaitia kadi mfukoni akarudi kituoni.